Mawese Ndani ya Saa

Kabla hujanionyesha saa unayoitaka, nionyeshe mikono yako. Hivyo ndivyo mjomba wangu Sefu alivyowaanza wateja, na mimi nikamrithi kwa miaka yote niliyokaa kwenye kibanda changu karibu na soko la Rumonge, mpaka macho yaliponiambia inatosha. Wengi walicheka. Mtu amekuja kununua saa, mama wa watu anamshika kiganja na kukigeuza utadhani anamtafutia mchumba. Lakini mikono haisemi uongo. Mvuvi ana makovu ya kamba, mkata michikichi ana sugu upande mmoja, mwalimu ana chaki chini ya kucha. Saa itakayodumu kwa huyu, kwa yule haimalizi mwezi.

Ninyi vijana mnaniambia siku hizi saa iko kwenye simu. Haya. Siku mtakapokuwa ziwani, mvua inawapiga usoni, mkono mmoja kwenye kamba na mwingine kwenye kasia, toeni hiyo simu mfukoni muangalie saa. Nimesikia habari za simu zilizozama hapa Rumonge mpaka nadhani samaki wetu wanapigiana. Saa ya mkono imefungwa mwilini. Unageuza kiganja, umejua, unaendelea na kazi.

Jina langu ni Zena, lakini mjini wananiita Mama Saa, na wengine wanadhani ndilo jina nililopewa na wazazi. Mwanamke fundi saa si jambo la kila siku. Mjomba Sefu alikuwa na wana watatu, wote wakapenda pikipiki. Mimi nilikuwa nampelekea chakula cha mchana, nakaa kusubiri bakuli, macho yangu hayabanduki kwenye vile vigurudumu. Siku moja akanipa saa iliyokufa zamani na bisibisi ndogo, akasema, "Fungua, funga. Ukichoka, nenda ukapike."

Nilifungua na kufunga saa hiyo moja mwezi mzima. Siku moja parafujo ikapotea. Nilipiga magoti, nikapangusa sakafu yote kwa kiganja, nikapepeta vumbi kwenye ungo wa mke wake, nikalia kidogo. Jioni mjomba akatema parafujo mkononi. Alikuwa nayo mdomoni tangu asubuhi, anataka kujua kama nitakimbia. Nilikasirika siku mbili. Leo naona hakuna chuo ambacho kingenifundisha vizuri zaidi. Yule mzee alikuwa na subira ya jiwe, na vidole vinene kama ndizi ambavyo vilishika pini nyembamba kuliko unywele bila kuiangusha.

Neno lake jingine lilikuwa hili: uso wa saa ni wa muuzaji, mnunuzi atazame mgongo. Ninyi mnaipenda saa kwa sababu ya uso wake, una mishale mitatu ya ziada na namba zinazong'aa. Igeuzeni. Kama kifuniko cha nyuma kimebandikwa tu kwa kubonyezwa, hiyo ni saa ya kwenda harusini. Kama kimefungwa kwa kuzungushwa, kina vijino pembeni vya kushikwa na ufunguo wa fundi, hapo tunaweza kuanza kuzungumza. Halafu tazameni kile kidude cha pembeni cha kurekebishia mishale. Maji mengi hupitia hapo. Katika saa ngumu kweli, hicho kidude nacho hufungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Mkimaliza kurekebisha, mkifunge. Nimefungua saa nzuri za watu zikiwa zimejaa maji, kosa likiwa hilo tu.

Na msidanganyike na namba za mita. Saa imeandikwa mita thelathini, kijana anaruka nayo ziwani, anarudi kwangu na bahari ndogo chini ya kioo. Mita thelathini maana yake ni mvua na kunawa mikono. Hamsini, unaweza kuoga, lakini si kwa maji ya moto. Mkitaka kuogelea, tafuteni mia. Anayezamia kunasua nyavu kwenye mawe atafute mia mbili, na asibonyeze kitufe chochote akiwa chini. Watu hunijibu kwamba ziwa letu halina chumvi, kwa hiyo halidhuru kitu. Chumvi halina, ila mchanga lina. Chembe moja ikikaa kwenye ule mpira mwembamba unaoziba kifuniko, maji yameshapata mlango.

Mfanyabiashara mmoja wa Muhuta alikuja na saa ya dhahabu iliyomfanya atembee mkono ukiwa mbele kuliko mwili. Nikaisogezea sumaku, ikadakwa. Nikamwambia kwa adabu kwamba hiyo ni bati lililopakwa rangi. Akanuna, akaondoka bila kuaga. Baada ya miezi miwili akarudi na mkono una alama nyeusi, dhahabu yote imebanduka. Akauliza kama nina ya chuma. Sikumcheka mbele yake. Chuma kizuri cha saa sumaku haikitaki, kumbukeni hilo mkiwa sokoni, na sumaku ya spika mbovu inatosha kupimia.

Mkanda nao msiudharau. Ngozi ni nzuri ofisini, lakini jasho na maji ya samaki vikiingia, itanuka mpaka mkeo aitupe. Mimi nawapendekezea mkanda wa nailoni wa kipande kimoja, ule unaopita chini ya saa yote. Pini moja ikikatika, saa inabaki imening'inia kwenye ya pili. Nawajua wavuvi waliopoteza saa nzima kabisa kwa sababu ya kapini kasikofika urefu wa punje ya mchele. Na ninyi mnaokata michikichi, saa ivaeni mkono usioshika panga. Kila pigo linapanda mpaka ndani ya saa. Hili nalo linahitaji fundi kulisema, sijui kwa nini.

Sasa, saa ninayoiheshimu kuliko zote niliyowahi kumchagulia mtu ilikuwa na sura mbaya. Nyeusi, nene, haina dhahabu wala tarehe. Kuhusu saa hiyo na aliyeivaa nitawaambia polepole, kwa sababu ndani ya habari hiyo limo kosa langu kubwa, na kwa muda mrefu sikupenda kulisimulia.

Aliyeivaa alikuwa muganga Esperansi. Kwetu muuguzi naye tunamwita muganga. Wazazi wake walikimbilia Tanzania, yeye akakulia huko, wakarudi Burundi akiwa mtu mzima, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu. Alifanya kazi kwenye kituo cha afya juu milimani, upande wa Kizuka, na alitembea kwa miguu kwenye tope la michikichi akiwafuata wagonjwa ambao hawakuweza kumfuata yeye. Alikuja kwangu mvua zilipokaribia, na saa yake kuukuu, kabla sijamchagulia ile nyeusi.

"Shikamoo, Mama. Naomba uizibe vizuri saa hii, mvua zinakuja."

"Marahaba, muganga. Mbona hautafute ingine ya kupendeza? Hii iko imechakaa."

"Sihitaji urembo, Mama. Nahitaji dakika iwe dakika."

Akanieleza. Mtoto mchanga akikohoa, yeye huweka saa mbele yake na kuhesabu pumzi za kifua kwa dakika moja nzima. Zikizidi kiasi fulani, mtoto ni wa kukimbizwa hospitali. Hana mashine nyingine. Nilimpenda siku ile ile, kwa sababu katika wateja wangu wote ni yeye peke yake aliyejua anataka nini kwenye saa.

Mpira wa kuziba unahitaji kupakwa mafuta maalumu, kiasi kidogo sana. Nilikuwa na kikopo changu kutoka Bujumbura, na kikopo hicho kilikuwa kimeisha. Ninyi ni wa hapa, mnajua mawese ni nini kwetu. Tunaungia maharage, tunapaka nywele, mnyororo wa baiskeli, bawaba za mlango, mtoto mwenye ngozi kavu. Nikajiambia, kinacholainisha mlango wa nyumba yangu tangu niolewe, kitashindwa na kipira cha saa? Nikachovya ncha ya kijiti kwenye mawese safi, nikapaka, nikafunga. Nilijiona mjanja.

Baada ya wiki chache Esperansi akarudi. Hakukaa.

"Nimehesabu pumzi za mtoto, zikazidi. Nikawashusha hospitali, yeye na mama yake, kwenye mvua. Daktari akahesabu kwa saa yake, mtoto mzima kabisa. Baba yake amenitukana mbele ya watu wote. Naomba uangalie kama saa ina tatizo."

Niliilaza kando ya saa yangu kubwa ya ukutani, nikaiangalia kwa muda wa saa moja. Haikukosa hata sekunde. Nikamrudishia.

"Iko nzima, muganga. Haiko na kitu."

Akaitazama kwa muda, halafu akaitazama mikono yake.

"Basi ni mimi," alisema, akaondoka.

Jibu nililipata asubuhi moja ya mvua kubwa, nikiwa jikoni. Nilichukua chupa ya mawese nikaange ndizi, nikaipindua, hakikutoka kitu. Yalikuwa yameganda. Mawese huganda kwa baridi, hilo mtoto wa Rumonge analijua kabla hajajua kusoma. Nilisimama na ile chupa mkononi mpaka sufuria ikaanza kutoa moshi.

Siku ya soko iliyofuata nikamwomba Esperansi aniachie saa niisafishe. Nilipofungua, ule mpira ulikuwa umevimba na kulainika, umetoka kwenye mfereji wake, na mafuta yalikuwa yametambaa mpaka kwenye magurudumu. Huku chini kwenye joto la ziwa, mafuta ni maji, saa inakwenda. Hata juu mlimani, ikiwa mkononi, joto la mwili linaisaidia. Lakini muganga huvua saa anaponawa, na Esperansi aliilaza kwenye meza ya saruji. Pale inapoa, mafuta yanakuwa mazito, mshale wa sekunde unasitasita. Dakika yake ilikuwa ndefu kuliko dakika. Ndiyo maana pumzi zilizidi.

Niliisafisha kwa benzini, gurudumu baada ya gurudumu, nikaweka mpira mpya na mafuta yanayostahili. Alipokuja kuichukua, nilisema nimeipangusa vumbi.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia. Fundi anakula kwa jina lake. Niliogopa kuambiwa Mama Saa anatia mawese kwenye saa za watu. Kwa hiyo nililinda jina langu, na jina lililochafuka likawa la mwingine. Yule baba aliisambaza habari mlima mzima, na watu wakampa Esperansi jina la kumcheka, Mama Zimezidi. Akina mama wakaanza kupita mbele ya kituo chake bila kuingia, watoto migongoni, wakashuka mpaka mjini au wakabaki nyumbani na dawa za majani. Nilisikia yote hayo nikiwa kibandani. Nilikuwa nainamisha kichwa juu ya kazi.

Nilichoweza kufanya ni kumtafutia saa, na hapo nilifanya kazi yangu kama sijawahi kuifanya. Nilizikataa nyingi. Nilitaka mgongo wa kuzungusha, kidude cha pembeni cha kuzungusha, mshale wa sekunde mrefu unaofika kwenye alama zenyewe, namba kubwa, uso usio na vikorokoro. Nilipoipata ile nyeusi yenye sura mbaya, niliilaza kwenye ndoo ya maji siku kumi. Kisha nikaipeleka kwa wauza mukeke, nikaizika kwenye barafu yao pamoja na samaki. Wauza samaki waliniuliza kama sasa nauza saa kwa kilo. Baada ya barafu nikaianika juani mpaka ikapata moto, nikadondosha tone la maji baridi juu ya kioo, nikasubiri kidogo, nikapangusa. Kama ndani kuna unyevu, kioo kinaingia ukungu hapo hapo chini ya tone. Kipimo hicho mfanye wenyewe, hakihitaji fundi. Kioo kilikuwa safi. Na kwa siku zote hizo, saa haikupishana na ya ukutani hata hatua moja.

Nilimpa siku ya Idi, nikasema ni zawadi. Aliishika kwa mikono miwili, akanishukuru kwa Kirundi.

"Murakoze cane, Mama. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu kizuri hivi."

Sikupata usingizi mzuri siku zile.

Miaka mitatu ikapita. Esperansi akahamishiwa Gatete, na lile jina la kuchekwa likamfuata, kwa sababu majina ya namna hiyo hayahitaji nauli. Binti yangu Mwajuma ameolewa huko Gatete, na mtoto wake wa kwanza akaanza kukohoa. Nilikuwa nimekwenda kuwatembelea. Adhuhuri, mvua ikinyesha, tulimpeleka kituoni, mimi, Mwajuma, na mkwe wangu Rajabu.

Esperansi alinawa, akaivua saa, akailaza mezani, akafunua kifua cha mtoto. Akahesabu dakika nzima. Akahesabu tena. Kisha akahesabu mara ya tatu, na nikawaza, mwanamke huyu ni mwangalifu kuliko wote ninaowajua. Nami niwaambie ukweli, sikumtazama mjukuu wangu. Niliutazama mshale wa sekunde dakika zote tatu, kama ninayengoja hukumu. Ulikwenda hatua kwa hatua, bila kusita.

"Zimezidi," alisema. "Apelekwe Rumonge sasa hivi."

Rajabu akasogea karibu na sikio langu, lakini chumba kilikuwa kidogo na wote tulisikia.

"Mama, samahani. Huyu si njo ule banamuitaka Mama Zimezidi? Mutoto iko ananyonya vizuri. Tungoje mvua ikatike, kesho tutaenda."

Esperansi alikuwa amezoea. Aliendelea kumfunika mtoto, akamwangalia Mwajuma, akasema kwa upole, "Nakuomba, dada. Leo."

Mjue kwamba mimi na mkwe wangu hatujawahi kula sinia moja. Kwetu mama mkwe ana mahali pake, na mahali pale panalindwa. Mbele ya mwanamume yule sikuwahi hata kusema kwamba nimechoka. Lakini mtoto alikuwa anapumua mbele yangu, haraka haraka, na kwa mara ya kwanza tangu tuingie nilimtazama yeye.

"Rajabu," nilisema, "ile siku kule Kizuka, muganga hakukosea. Mimi njo nilikosea. Niliweka mawese mu saa yake, ikaganda na baridi, ikachelewa. Nilijua, nikanyamaza. Hii saa nimeipima mwenyewe, iko nzima. Akisema zimezidi, zimezidi. Chukua mutoto."

Rajabu aliinamisha macho kwa aibu yangu, maana mimi sikuweza kuyainamisha. Kisha akavua koti lake, akawafunika nalo mtoto na mama yake, akatoka kwenye mvua kutafuta pikipiki. Esperansi alibaki amesimama, mkono mmoja juu ya ile saa. Hakuniangalia.

Kilikuwa kifua kweli, homa ya mapafu. Walimlaza siku tano, na daktari akasema kwamba tungengoja kesho, asingetuahidi kitu. Mtoto yule sasa anakimbia, na ana sauti ya kuuza samaki.

Siku ya pili, mtoto akiwa bado amelazwa, Esperansi alikuja hospitali kumjulia hali. Alimgusa mtoto paji la uso, akasikiliza kifua, akatabasamu na Mwajuma. Kisha tukatoka barazani, sisi wawili. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, lakini alitangulia yeye.

"Miaka mitatu, Mama. Kila mtoto nimemhesabu mara tatu. Wenzangu wananicheka kwamba nachelewesha foleni. Nilidhani tatizo ni mimi."

Nilimwomba msamaha. Nililia, na sikujali nani ananiona.

"Mimi nimekusamehe," alisema. "Lakini kule Kizuka hawajui."

Asubuhi iliyofuata sikufungua kibanda. Nilipanda Kizuka kwa miguu, nikapita kwenye tope lile lile la michikichi alilokuwa akilipita yeye, na mlango wa kwanza niliopiga hodi ulikuwa wa yule baba aliyemtukana.